Mama Kizibo, Mlinda Lango la Mto

Mama anayesindikizwa leo alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Mei 1956, katika chumba cha kupanga cha mtaa wa bondeni, mtaa ulio chini kuliko yote ya mji. Alikuwa kifungua mimba katika watoto wanne wa fundi bomba na mkewe mshonaji. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Mama alikuwa na ya kutosha wote wawili.

Mtaa huo ulikuwa na taabu moja ambayo kila mpangaji aliijua kabla hajafungua mizigo yake. Mji mzima ulitumia bomba kuu moja. Maji ya mvua kutoka barabarani na kwenye mapaa, na majitaka kutoka vyooni na jikoni, yote yalipita humo humo. Siku za jua bomba liliyabeba mpaka kwenye mtambo wa kusafishia, na hakuna aliyelikumbuka. Mvua ikizidi, bomba lilishiba, na kilichomo kilitafuta pa kutokea. Mara nyingi kilitokea bondeni, kupitia matundu ya vyoo.

Mwaka alipofikisha miaka saba, mama yake alirudi kutoka kwa mteja amelowa chapachapa, akamkuta binti yake ameweka ubao juu ya tundu la choo na kuukalia, mikono kifuani, uso mkavu kama hakimu.

"Wewe! Unafanya nini humo?"

"Nimeziba. Ingia tu, mama, usiogope."

Ubao ulikuwa ukitikisika chini yake kama kifuniko cha sufuria. Jirani wa chumba cha pili, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima, alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema nyumba sasa imepata kizibo chake. Jina likaganda. Alipoolewa na kuzaa watu wakatanguliza "Mama", wala hakuna aliyewahi kumwona akilikasirikia.

Alisoma shule ya msingi iliyo juu ya kilima, akamaliza sekondari Novemba 1974. Januari iliyofuata alijiunga na chuo cha ufundi kusomea mitambo ya pampu. Darasani wasichana walikuwa wawili. Siku ya kwanza mwalimu wa karakana alimtazama viganja akamwonya, "Binti, kazi hii inachafua mikono." Akajibu, "Mwalimu, mimi nimetoka bondeni." Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, na wakawa marafiki hadi mwalimu huyo alipofariki. Alihitimu Desemba 1976.

Tarehe 3 Oktoba 1977 aliajiriwa na idara ya maji ya mji, akapelekwa kituo cha lango. Wengi walipita mbele ya kituo hicho kila siku bila kujua ni nini: chumba kimoja cha zege kando ya daraja, dirisha moja, meza, simu, na katikati ya sakafu usukani mkubwa wa chuma uliosimama wima kama wa meli. Chini ya sakafu ndipo bomba kuu lilipopita. Ukutani palikuwa na kipimo cha kina cha maji, na juu ya kipimo mstari mwekundu. Amri ya kazi ilikuwa moja. Maji yakigusa mstari mwekundu, zungusha usukani, lango lifunguke, na yote yaliyomo bombani yaende mtoni. Usipofungua, yatarudi nyuma mpaka bondeni.

Kwa hiyo kijana aliyekua akikalia ubao alipewa lango lenyewe. Miaka ya kwanza alifungua bila kusita. Kila alipouzungusha ule usukani alikuwa akimwona mama yake na cherehani yake, sakafu ikiwa kavu. Alisema baadaye kwamba mto hakuwahi kuufikiria. Mto ulikuwa mahali ambapo mambo yalikwisha.

Aliyemfanya aufikirie aliingia kituoni asubuhi moja ya Mei 1980 bila kubisha hodi, amebeba kabichi begani kwenye gunia. Alikuwa mkulima wa mboga wa ukingo wa chini wa mto, kijana mrefu, mwenye matope hadi magotini. Aliimwaga ile kabichi juu ya meza. Harufu ilijaza chumba.

"Dada, nimekurudishia mzigo wako. Ndio ulionipelekea juzi."

"Kaka, nisingekupelekea wewe, ungeingia chumbani kwa mama yangu."

"Basi mama yako na mimi tuna adui mmoja."

"Adui yenu ni mvua. Mimi ni mlango tu."

"Mlango una mwenyewe," alisema yule mkulima.

Siku ya mapumziko binti alimpeleka mkulima bondeni, akamwonyesha alama ya maji kwenye kuta za vyumba. Mkulima naye akampeleka shambani. Hapo ndipo binti alipoona kwa mara ya kwanza upande wa pili wa kazi yake: matambara na karatasi zimening'inia kwenye matete, samaki wadogo wamegeuza matumbo juu, na wanawake wakichota maji ya kufulia palepale kwa sababu bomba la maji safi lilikuwa mbali. Alisimama muda mrefu. Mkulima akadhani anaona kinyaa. Kumbe alikuwa akihesabu ni mara ngapi amefungua tangu aanze kazi, na alipofika katikati akaacha.

Walioana Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1981. Bwana harusi alipenda kuwaambia wageni kwamba alikwenda kugombana akarudi na mchumba, na bibi harusi alikuwa akiongeza, "Na kabichi yake hakurudi nayo." Walihamia nyumba ya ukingoni, chini ya lango. Tangu siku hiyo maji aliyoyafungulia kumwokoa mama yake yaliishia mlangoni kwake mwenyewe. Mungu aliwajalia watoto watatu: binti mwaka 1982, binti mwingine 1985, na mwana 1988.

Mwaka 1986 binti wa kwanza aliugua homa ya matumbo. Alipona, lakini nywele zote zilimtoka, na mama yake alimshonea kofia ya kuendea chekechea. Mtoto alipokuwa bado wodini, Mama Kizibo alikwenda maabara ya idara na kumuuliza mkemia, mwanamke wa rika lake aliyekuwa ameanza kazi mwaka huo, mto hukaa mchafu kwa muda gani baada ya lango kufunguliwa. Mkemia alisema ukweli: hakuna aliyewahi kumtuma apime. Wakaanza kupima wawili hao. Mkemia aliingia majini na chupa zake, Mama Kizibo akashika kamba. Waligundua kwamba vijidudu vya choo vilibaki mtoni siku tatu, hata nne, muda mrefu baada ya maji kuonekana yametulia na harufu kwisha. Uchafu ukioza ulikula hewa iliyo ndani ya maji, na samaki walikufa kwa kukosa pumzi hata kama hawakuguswa na sumu yoyote. Watu walikuwa wakirudi mtoni mapema mno, kwa kuamini macho yao.

Kutokana na hayo ilizaliwa bendera nyekundu ya darajani. Ikipanda, mtu asioge, asichote, asimwagilie. Mkuu wa idara aliogopa mwanzoni. "Ukitundika bendera," alisema, "tumekiri kwamba mto ni mchafu."

"Mzee, pua zao zilishakiri zamani."

Mkuu akacheka, akatia sahihi. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa na bajeti ndogo.

Yaliyotokea Jumanne, tarehe 19 Aprili 1994, wengi waliopo hapa wanayajua kwa kuyasikia, na kila mmoja ameyasikia kwa namna yake. Yalikuwa hivi. Mvua ilianza asubuhi ikakaza mchana. Bendera ilikuwa imepanda. Ng'ambo ya mto, chini ya lango, kulikuwa na shule, na watoto wa ukingoni walivuka kwa miguu pale palipo na mawe ili kurudi nyumbani. Siku za mvua kituo kilipiga simu shuleni kabla ya kufungua lango, walimu wakawazuia watoto. Siku hiyo simu ya shule haikuita. Nguzo ya simu ilikuwa imeanguka.

Mwenzake wa zamu alichukua baiskeli akaenda kuangalia. Mama Kizibo alibaki peke yake, mikono kwenye usukani. Alijua kwamba akifungua, bomba lote lililojaa litashuka mtoni kwa mkupuo mmoja, na mtoto aliye kwenye mawe hatakuwa na muda hata wa kugeuka. Wanawe wawili wadogo walikuwa katika shule hiyo.

Maji yaligusa mstari mwekundu. Yakaupita. Simu ya mjini ikalia. Alikuwa msimamizi wake.

"Umefungua?"

"Bado."

"Bado nini? Bondeni panajaa!"

"Sijapata habari za watoto."

"Mama Kizibo, sikiliza. Mama yako yuko bondeni."

"Najua aliko mama yangu."

Akaweka simu chini. Alimsimulia mumewe baadaye kwamba hakulia na hakuomba. Alitazama dirishani tu. Na mumewe wakati huo alikuwa majini hadi kifuani. Alikuwa ameona bendera kutoka shambani, akaona watoto wanaanza kuvuka, akaacha jembe. Aliwabeba mmoja mmoja na wawili wawili, na mwenye baiskeli alipofika wakasaidiana. Wa mwisho alipotua ukingoni, yule mwenzake alivua shati, akapanda juu ya ukingo akalipunga kuelekea darajani. Mama Kizibo aliona kitu cheupe kwenye mvua. Akazungusha usukani kwa nguvu zake zote.

Hakuna mtoto aliyepotea. Lakini bondeni maji machafu yaliingia vyumba vya safu tatu za mwisho, yakasimama juu ya magoti. Cherehani ya mama yake ilizama, pamoja na nguo za wateja. Watu wengi waliugua tumbo, na yule jirani mnene wa kicheko alilazwa wiki mbili, hali yake mbaya. Kesho yake Mama Kizibo alishuka bondeni na ufagio na dawa ya kuulia wadudu, akaanza kusugua chumba cha kwanza alichokikuta. Mwanamume mmoja akamwambia mbele ya watu, "Umechagua wa kwa mumeo, ukatuzamisha sisi uliozaliwa nasi." Aliendelea kusugua. Alisugua hadi chumba cha mtu huyo pia.

Mama yake hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne alimwita, wakaketi kwenye kitanda kilichokuwa bado kinanuka.

"Ungefungua mapema, cherehani yangu ingekuwa hapa."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ningeishonea nini? Sanda?" Mama akashika mkono wake. "Nipeleke kwako. Miguu yangu imechoka kupanda vitanda kila masika."

Mama huyo aliishi nao ukingoni hadi alipofariki mwaka 2006, na alikuwa wa kwanza kumkemea yeyote aliyetaka kuoga mtoni siku ya bendera.

Idara ilimsimamisha kazi, kisha ikaunda kamati. Alipoulizwa kama alijua amri ya mstari mwekundu, alisema aliijua na kwamba aliivunja kwa makusudi. Alipoulizwa kama angefanya vilevile tena, alisema, "Nisiulizwe tena. Mjenge kitu ambacho mtu hataulizwa swali hilo." Mhandisi mkuu wa mji, ambaye alikuwa ameomba fedha za ujenzi kwa miaka mingi akarudishwa kila mara, aliomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyo. Mkemia alileta vipimo vya miaka minane. Mama Kizibo alirudishwa kazini Julai mwaka huohuo.

Mambo ya serikali yana mwendo wake. Ujenzi ulianza mwaka 2003: tangi kubwa chini ya ardhi, la kushikilia maji ya dhoruba mpaka mtambo upate nafasi ya kuyasafisha, na bomba jipya la mvua peke yake, mtaa kwa mtaa. Tangi lilianza kufanya kazi Agosti 2008. Miaka hiyo alihamishiwa kikundi cha kupita nyumba kwa nyumba, kuwaomba wenye nyumba watoe mifereji ya mapaa yao kwenye bomba la choo na kuiunganisha na bomba la mvua. Kilimani mzee mmoja alikataa katakata. "Mvua ya Mungu na choo changu vimekaa pamoja miaka hamsini. Havijawahi kugombana."

"Baba, vinagombana sana. Ila ugomvi wao tunaupokea sisi wa chini."

Mzee alimtazama, akaita fundi siku hiyohiyo. Baadaye alikuwa akiwasimulia wapita njia kwamba wazo lilikuwa lake.

Lango lilifunguliwa mara chache zaidi kila mwaka. Samaki walirudi, kwanza wadogo, kisha hata ndege wanaowala. Hata hivyo hakupenda kusikia mtu akisema mto umepona. "Umepata nafuu," alikuwa akisahihisha. "Mgonjwa akipata nafuu hupeleki ngoma chumbani kwake." Masika yakiwa makali tangi nalo hujaa, na bendera bado hupanda. Alistaafu tarehe 31 Mei 2016. Waliomfanyia sherehe ya kumuaga walimtaka azungushe usukani kwa ajili ya picha. Akakataa. Alisema hicho si kitu cha kuchezea, akawaambia wapige picha ya keki.

Alikuwa mtu wa hasira za haraka na msamaha wa haraka zaidi. Alipenda redio, hasa taarifa ya hali ya hewa, ambayo aliisikiliza kwa umakini wa mtu anayesikiliza kesi ya ndugu yake. Hakujua kupika wali bila kuuunguza, na familia ilishazoea kugombania ukoko. Mumewe, aliyemwita "baba watoto" mbele za watu na "Kabichi" wakiwa peke yao, alijifanya miaka yote kwamba watoto hawajui jina hilo.

Mwishoni mwa mwaka 2022 miguu ilianza kuvimba. Madaktari walikuta figo zote mbili zimechoka, kwa sababu ya shinikizo la damu la muda mrefu. Akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Muuguzi alipomweleza kwa upole jinsi mashine ile inavyofanya kazi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nimeelewa. Mtambo wangu umejaa, mmenijengea mwingine nje." Aliwafahamu wagonjwa wote wa zamu yake, akawauliza habari za wajukuu zao, na mmoja asipofika alitaka kujua kwa nini. Mwezi Desemba mwaka jana moyo nao ulianza kulegea. Aliomba arudi nyumbani. Mumewe alikisogeza kitanda chake hadi dirishani, ili ausikie mto.

Katika wiki ya mwisho ya Januari mjukuu wake wa kike, mwenye miaka kumi na mmoja, aliingia chumbani akasimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo akiwa na ombi. Darasa lake lilikuwa linakwenda kujifunza kuogelea, na mwalimu aliruhusiwa kuwapeleka mtoni, kwenye maji ya polepole chini ya mawe. Katika ukoo huu hakuna mtoto aliyewahi kupewa ruhusa hiyo. Mama wa mtoto alikuwa amesema, kamuulize bibi.

Bibi alifumba macho kwa muda, hata mtoto akadhani amesinzia.

"Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

"Muda mrefu, bibi. Hata mama hakumbuki."

"Bendera?"

"Haipo."

"Nenda basi. Lakini usiyameze."

Jioni mtoto alirudi nywele zikiwa mbichi, akaketi kando ya kitanda na kusimulia yote, jinsi maji yalivyokuwa baridi, na jinsi alivyoona miguu yake mwenyewe chini. Bibi alimtaka arudie hapo pa miguu. Akarudia. Kisha bibi akanyoosha mkono, akashika zile nywele mbichi, akakaa amezishika mpaka zilipoanza kukauka.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mume, binti wawili, mmoja mwalimu na mmoja muuguzi, mwana mmoja, fundi bomba kama babu yake, wakwe wawili aliowapenda na kuwagombeza sawasawa, wajukuu watano, wadogo zake wawili wa kike, wa tatu akiwa ametangulia, rafiki yake mkemia, ambaye familia inamhesabu kuwa dada, na watu wazima wengi wa ukingoni, ambao Jumanne moja walikuwa watoto wanaovuka mto.

Mama, kazi umeimaliza, zamu ameishika mwingine. Mungu akulaze mahali pema, upumzike kwa amani.